Seli ambazo Mkasi hakuzihesabu

Ni saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, na mwanaume wa miaka hamsini na nne ameinamia trei ya maji kama mtu aliyedondosha miwani. Miwani anayo, tena puani. Anachotafuta ni kiungo kidogo, mahali ambapo uzi mmoja wa kijani umeungana na mwenzake.

Anakiona. Mkasi mdogo unaingia majini, unakata, unatoka. Uzi wenye urefu wa kidole unaelea peke yake.

"Hiyo ni seli moja," anasema bila kuinua kichwa. "Watu wanadhani seli ni kitu cha kusimuliwa tu, huwezi kukiona. Hii unaikata kwa mkasi wa kucha. Ila usipige chafya hapa, tutaitafuta mpaka mchana."

Anaiweka chini ya hadubini, kisha anafanya jambo ambalo mgeni lazima alitazame mara mbili. Mkono wake wa kushoto anauingiza kwenye mfuko wa koti jeupe na kuuacha humo mpaka amalize kuangalia. Anaandika namba kwenye daftari, anachukua seli nyingine. Mkono unarudi mfukoni.

Hakuna aliyemwagiza. Adhabu hiyo alijipangia mwenyewe miezi mitano iliyopita, baada ya mkono huo kumponza yeye na mtu mwingine ambaye hakuwa na kosa lolote.

Chuoni wanamwita Mkasi. Walinzi wanamwita hivyo, wahasibu wanamwita hivyo, hata mkewe anapokuwa na hasira. Ni mhudumu wa maabara ya mimea kwa miaka ishirini na miwili. Alianza kama mfagiaji, akawa anaosha vyombo vya kioo, na siku moja mhudumu aliyekuwepo kabla yake akastaafu na kumwachia mkasi, vibanio viwili na bwawa la zege lililojaa mwani nyuma ya jengo.

Mshahara wake anauelezea kwa kalenda. Unafika tarehe ishirini na nane, unaaga tarehe tisa. Mgongo ameuacha kwenye trei, na miwani amebadilisha mara tatu. Kwa siku anakata seli hamsini hadi sitini, na asilimia kubwa ya watu wanaopata shahada kwa kazi yake hawajui kushika ule mkasi.

Kazi yenyewe ni hii. Mwani huo wa maji baridi una seli kubwa kuliko kawaida, na ndiyo sababu watafiti wanaupenda. Wanataka kujua mmea unajuaje kwamba umeguswa, umebanwa au umepungukiwa maji, wakati hauna mishipa ya fahamu wala ubongo.

Mkasi alisoma mpaka kidato cha nne, lakini mwulize jambo hilo uone. Anavuta kiti.

"Fikiria tairi la gari. Hii seli ndani imejaa presha kupita tairi, zaidi ya mara mbili. Sasa ukiibonyeza kidogo, ngozi yake ya ndani inavutika. Kwenye ile ngozi kuna vilango vidogo sana. Ikivutika, vilango vinafunguka, na vitu vyenye chaji vinapita, vingine vinaingia, vingine vinatoka. Vikipita, umeme wa seli unabadilika. Yaani umebonyeza, yenyewe imejibu kwa umeme."

Ukibonyeza kidogo, anasema, umeme unatikisika kidogo. Ukibonyeza zaidi unatikisika zaidi. Ukifika kiwango fulani, seli nzima inaruka: mstari kwenye skrini unapanda kama mlima na kushuka taratibu. Na hapo kuna kitu anachokipenda mpaka leo, ingawa sasa anakitaja huku akiangalia sakafu.

Ndani ya seli hai, ute unazunguka muda wote, unapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, bila kupumzika. Seli ikishtuka kwa umeme ule, ute unasimama ghafla. Unakaa kimya dakika kadhaa, halafu unaanza tena polepole, kama mtu aliyeitwa jina lake barabarani akageuka, hakuona mtu, akaendelea na safari.

"Nilikuwa naweza kuangalia hilo jambo siku nzima," anasema. "Na ndilo lililoniharibia."

Miaka miwili iliyopita alikuja mtafiti mpya, binti wa miaka ishirini na tisa, mwembamba, mcheshi, asiyejua kula kwa wakati. Alikuwa anasomea shahada ya uzamivu. Swali lake lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulijibu: ni mbonyezo mdogo kiasi gani ambao seli inaweza kuuhisi? Alikuwa na vipande vya kioo vya uzito mbalimbali, anakidondosha kimoja juu ya seli, na sindano nyembamba ya kioo iliyochomekwa ndani ya seli inapeleka umeme kwenye mashine.

Walipatana tangu wiki ya kwanza. Yeye alimwita Baba, Mkasi akamwita binti yangu. Chai walikunywa pamoja kwenye ngazi za nyuma, na Mkasi alikuwa anamtania kwamba mtu anayepima presha ya majani angeanza kwanza kupima ya kwake.

Mwezi wa pili akamkuta analia. Alikuwa ameshinda kutwa nzima na seli moja. Kuchomeka sindano tu kunaweza kula saa mbili, na seli yenyewe haikujibu chochote. Kioo kidogo, kimya. Kikubwa kidogo, kimya. Siku imeisha, karatasi nyeupe.

Mkasi alikwenda zake, akafikiria, akapata wazo ambalo lilimfurahisha sana.

Tangu zamani ilikuwa desturi ya maabara ile kwamba mhudumu akimaliza kukata, anaziangalia seli chini ya hadubini. Ambayo ute wake hauzunguki imekufa au imeumizwa na mkasi, na hiyo inatupwa. Hilo ni halali na kila mtu analijua. Mkasi akaongeza hatua ya pili. Alichukua njiti ya kiberiti, akagundishia unywele mmoja wa brashi kwenye ncha, na kwa mkono wa kushoto akawa anaigusa kila seli kidogo sana. Ute ukisimama, seli hiyo imepita mtihani. Usiposimama, alisema kimoyomoyo "sugu huyu", akaitupa kwenye beseni la bluu nje ya stoo.

Zilizopita aliziacha zipumzike mpaka kesho yake. Asubuhi zilikuwa zimetulia kabisa, na hakuna chombo ambacho kingeweza kuonyesha kwamba zilishaguswa.

"Nilijiona mjanja," anasema. "Nilijiona kama mzazi anayemchagulia mtoto mchele usio na mawe. Sikujua kwamba alichokuwa anakitafuta yeye ni mawe."

Kazi ya binti ikanyooka. Kila siku seli tatu, nne, na karibu zote zinajibu kwa kioo kile chepesi kabisa. Msimamizi wake, profesa mmoja mama mwenye sauti ndogo, alifurahi. Makala ikaandikwa, ikapelekwa kwenye jarida, ikakubaliwa. Ilisema kwamba seli tisini na nne kati ya mia moja zilihisi mbonyezo huo mdogo. Mwisho wa makala, penye shukrani, kulikuwa na mstari mmoja wa kumshukuru mhudumu wa maabara kwa seli zenye afya isiyo ya kawaida.

Mkasi aliuchapa ukurasa huo kwenye karatasi nzuri, akautundika sebuleni. Shemeji yake alipokuja alisomewa mara mbili. Jirani alisomewa akiwa amesimama mlangoni na ndoo mkononi.

Miezi sita baadaye ikaja barua pepe kutoka maabara ya chuo kingine. Iliandikwa kwa adabu. Walikuwa wamerudia jaribio lile lile, kwa mwani ule ule, kwa uzito ule ule. Kwao seli zilizojibu ni arobaini na moja kati ya mia. Waliomba kuelezwa wanakosea wapi.

Binti alirudia kazi yake. Akapata karibu vilevile, maana seli zilikuwa bado zinatoka kwenye mikono ile ile. Akawaandikia hivyo. Wakarudia tena na wao, thelathini na tisa. Barua ya tatu haikuja kwake, ilikwenda kwa profesa, na haikuuliza tena wao wanakosea wapi.

Mkasi anasema alielewa siku ile ile barua ya kwanza ilipofika. Alikuwa anafuta meza, binti akamsomea kwa sauti huku akicheka kidogo, na yeye akahisi masikio yanawaka moto.

"Akaniuliza, Baba, wewe unaona nini hapa? Nikamwambia, labda maji yao. Labda maji ya kwao yana chumvi."

Anakunja kitambaa cha kufutia lenzi mara mbili, anakikunjua, anakikunja tena.

"Kugusa zile seli nilifanya kwa ujinga. Hilo la maji nililisema nikiwa na akili zangu timamu."

Jibu hilo halikuishia pale mezani. Binti alimwamini, akawaandikia wenzake kuhusu maji. Watu wazima watatu, ambao Mkasi hajawahi kuwaona, walitumia wiki tatu kupima maji yao, kubadilisha matangi na kuagiza chumvi safi zaidi. Kila walipoandika kwamba wamebadilisha na bado hali ni ile ile, binti alimsomea Mkasi, na Mkasi akaitikia "hm".

Alianza kupita ngazi za mbele ili asikutane naye kwenye chai. Akabadilisha saa ya kula. Siku moja alimwona anakuja kwenye korido, akaingia choo cha wanawake. Alikaa humo dakika kumi na tano akiwa amesimama nyuma ya mlango, mtu mwenye wajukuu wawili, akisali asije mtu.

Na wakati wote huo aliendelea kuchagua. Hilo ndilo linalomwia gumu zaidi kulieleza. Anasema angeacha ghafla, namba zingeshuka ghafla, na wangejua. Kwa hiyo kila jioni alitoa ile njiti yenye unywele na kugusa.

Chuoni minong'ono ikaanza. Mtu mmoja wa ghorofa ya pili alisema kwa sauti ya kutosha kwamba kuna watafiti wa kupima na watafiti wa kupika. Profesa alisimamisha maandalizi ya mtihani wa mwisho wa binti mpaka jambo lieleweke.

Habari hiyo ilimfikia Mkasi nyumbani, kwa mlango asioutegemea. Mkewe ni fundi cherehani, na ndiye aliyekuwa anashona gauni la mahafali la binti. Jioni moja alimkuta mkewe amekaa mbele ya mashine bila kushona, gauni likiwa na mkono mmoja.

Mkewe anaisimulia siku hiyo bila kumwonea huruma. Anasema binti alikuja mchana, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akamwambia mama usiendelee, huenda nisihitimu. Akamwomba radhi kwa usumbufu. Radhi, anasisitiza, mtoto wa watu alikuwa anamwomba yeye radhi.

Mkasi akakaa chini na kumweleza mkewe kila kitu, mpaka unywele. Mama huyo alisikiliza mpaka mwisho, akiwa na pini mdomoni. Halafu akazitoa moja moja.

"Yaani umempa mtoto mtihani wenye maswali anayoyaweza tu," alimwambia. "Watu wanasema kaiba majibu. Na wewe mwenye maswali umekaa hapa unasubiri chakula."

Alimwambia pia ashushe ile karatasi ukutani, maana yeye hawezi kula akiiangalia. Aliishusha usiku huo huo. Kesho yake hakusubiri saa ya chai.

Mtafiti wa umeme wa seli hufanya kazi ndani ya kizimba cha waya, kama banda la kuku lililosafishwa vizuri, ili umeme wa taa na simu usiingilie vipimo. Binti alikuwa ndani, Mkasi akasimama nje, nyavu katikati. Anasema ilikuwa kama saa ya kutembelea wafungwa, ila aliyestahili kuwa ndani alikuwa nje.

"Nilimwambia, nataka kukueleza kitu, ila usigeuke. Akageuka."

Alimweleza. Njiti, unywele, beseni, maji. Binti hakupiga kelele. Aliuliza neno moja.

"Ngapi?"

"Sijui."

"Kumi kwa siku? Ishirini?"

"Sikuhesabu, binti yangu."

"Usiniite hivyo sasa hivi."

Mkasi anasema angepigwa kofi angeshukuru. Lakini binti aliendelea kumwangalia, na Mkasi akaanza kuona mwenyewe uzito wa lile swali. Kama angejua idadi, kazi ya mwaka mzima ingeweza kuokolewa: jumlisha zilizotupwa, rudia hesabu, sahihisha. Bila idadi hakuna kitu. Kila namba kwenye ile makala ilikuwa imegeuka upepo.

Alimpeleka kwenye beseni la bluu. Masugu yalikuwa yamestawi humo, yameota, yameungana, kijani tupu. Binti alitumbukiza mkono, akavuta nyuzi kadhaa, akarudi nazo kizimbani. Wiki ile alipima kumi na nane. Kumi na sita zilijibu. Zilitaka tu uzito mkubwa zaidi, nyingine mara mbili, nyingine mara nne. Hazikuwa sugu. Kila moja ilikuwa na kiwango chake, na zile zilizokuwa zinatupwa ndizo zingemwambia viwango hivyo vinapishana kwa kiasi gani.

Hakuweza kuziingiza kwenye utafiti, kwa sababu za zamani zilikuwa zimechanganyika na zilizoota juzi. Lakini alishajua pa kuangalia.

Binti mwenyewe aliliandikia jarida akaomba makala iondolewe. Mtihani wake ukasogezwa mwaka mmoja mbele. Ghorofa ya pili wakakaa kimya, ingawa hakuna aliyekwenda kumwomba msamaha.

Mkasi aliitwa kikaoni. Alikuwa ameshafungasha vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki: kikombe, kandambili, redio ndogo. Profesa alimwuliza kwa ile sauti yake ndogo kama kuna mtu yeyote, kwa miaka ishirini na miwili, aliwahi kumwuliza anachaguaje seli. Akajibu hakuna. Profesa akasema basi na yeye ni mmojawapo wa ambao hawakuuliza, na neno hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Kisha akampa barua ya onyo la mwisho na kumwambia arudi kazini.

"Barua ina mistari sita," anasema Mkasi. "Niliisoma nikatafuta ukurasa wa pili."

Siku hizi daftari liko wazi mezani. Kila seli inayokatwa inapewa namba, nzima na iliyokufa, na inayotupwa inaandikiwa sababu. Mpaka wiki hii zimefika elfu tano mia mbili na tatu. Binti huja saa mbili, huchukua trei, husema "Shikamoo Mzee", huondoka. Salamu haijawahi kupungua heshima. Ni hilo neno la mwisho tu ndilo limebadilika. Chai anakunywa ndani ya kizimba.

Mkasi hajamwomba amwite vinginevyo. Anasema hiyo si haki yake tena.

Kazi mpya inakwenda vizuri, tena kwa namna inayomchoma. Profesa anasema matokeo haya ni mazuri kuliko yale ya uongo, kwa sababu sasa yanaonyesha seli ndugu, za uzi mmoja, zinavyoweza kutofautiana katika kuhisi presha. Watu wamejaribu kumfariji Mkasi kwa hilo. Hakubali. Mwaka wa mtu umepotea, anasema, na umri haurudishwi kwa kuambiwa mambo yameishia pazuri.

Mwezi ujao wale watafiti watatu wa chuo kingine wanakuja kukaa wiki moja, wakate na wapime pamoja, waone kwa macho. Mkasi amepangiwa kuwaonyesha bwawa. Aliomba kwa profesa apewe dakika tano kabla ya kazi kuanza, na amekubaliwa. Hataki waelezwe na mtu mwingine, hasa habari ya maji.

Kwa hiyo sasa anaandika hotuba. Ya kwanza ilikuwa kurasa mbili na ilianza na "Kutokana na mazingira yaliyokuwepo". Mkewe aliisoma, akachukua chaki ya kupimia nguo, akafuta mstari huo.

"Mazingira hayana mikono," alimwambia.

Akafuta na sehemu ya mgongo, na ya miaka ishirini na miwili, na ile ya nia njema. Kila jioni Mkasi anamletea iliyofupishwa, kila jioni inapungua. Kwa sasa imebaki mistari minne, imeandikwa kwenye karatasi ya vipimo vya nguo, na anaifanyia mazoezi akiwa amesimama mbele ya kabati la vitambaa, mkewe akiendelea kushona.

*Seli nilizichagua mimi. Maji yenu hayakuwa na tatizo, nilidanganya. Mwenzenu hakujua. Naombeni radhi.*

Mistari miwili ya kwanza anaimudu vizuri, sauti imenyooka. Wa tatu unamshinda. Kila akifika pale anasimama, mashine ya kushonea inasimama pia, wanangoja wote wawili, halafu mkewe anamwambia aanze upya.

Amebakiza wiki tatu na siku mbili. Anasema hahitaji kuusema mstari huo vizuri. Anataka tu kuusema akiwa ameinua uso, na yule binti akiwa ndani ya chumba.